Ukurasa Uliopinda wa Wizara ya Kunyoosha Mambo

Wizara ya Kunyoosha Mambo ilitangaza, kwa furaha na kwa muhuri, kwamba saa nane kamili mchana ingezindua ukurasa wake wa mtandao. Mwananchi angeomba cheti cha kuzaliwa bila kupanga foleni. Viti vilishapangwa. Mikasi ya kukata utepe ilikuwa miwili, mmoja wa akiba.

Lilibaki jambo dogo: ukurasa ulikuwa umepinda. Maandishi yalipandana. Fomu ya cheti ilikimbilia ukingoni, ikachungulia kama mgeni asiyekaribishwa. Kitufe cha kutuma hakikuonekana kabisa.

Kazi alipewa Mama Masjala, mtunza mafaili wa miaka ishirini na sita, kwa kuwa alisoma kompyuta jioni wiki tano, na wengine wote walikana kujua.

"Ukishindwa," Mkurugenzi alimwambia kwa upole wa kiofisi, "tutakuhamishia stoo ya viti vibovu. Haina dirisha, ila ina utulivu."

"Nimesikia, bosi."

Saa saba ilikuwa imepita. Kamati ya dharura ilishakaa na kupendekeza kwamba viti vya wageni vielekezwe upande ule ukurasa ulikopinda. Mama Masjala akafumba macho. "Ee Mungu, uliyepanga nyota bila kamati, nisaidie na hiki kisanduku."

Akakumbuka fundisho la mwalimu wake: toa kitu kimoja, tazama, kama si chenyewe, kirudishe. Akatoa kaulimbiu. Bado. Akairudisha. Akatoa bendera. Bado. Akatoa picha ya Waziri, pana kama geti. Papo hapo fomu ikarudi katikati, na kitufe kikatulia mahali pake.

"Bosi, ni picha. Tuipunguze kidogo tu."

"Mheshimiwa apunguzwe?" Mkurugenzi alishika kifua. "Mama, unataka kuniua? Waraka wa picha za viongozi unakataza!"

"Basi tuitoe kabisa."

Mkurugenzi akaupekua waraka mbele na nyuma. "Kutoa hakukutajwa. Endelea. Ila jaza Fomu ya Hitilafu, na usiandike 'picha'. Kifungu cha tisa: picha ya kiongozi ni kiongozi mwenyewe. Unadhani kwa nini tunaiamkia kila asubuhi?"

Mama Masjala, mtu wa kutii, akajaza kwa mwandiko safi:

Chanzo cha hitilafu: Mheshimiwa Waziri.
Maelezo: ni mkubwa kupita nafasi aliyopewa.
Hatua: ametolewa.
Matokeo: huduma zimeonekana.
Ushauri: asirudishwe.

Waziri alifika saa nane kasoro dakika mbili, akaitia ile fomu sahihi juu ya boneti ya gari bila kuisoma, kama alivyozitia zote, kisha akakata utepe. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akabonyeza, ombi likaenda. Watu wakashangilia. Mama Masjala akabaki na dawati lake, akamshukuru Mungu kimyakimya.

Nakala ya fomu ikapanda hadi ofisi kuu, ambako karatasi yenye sahihi ya waziri haiulizwi maswali. Hutekelezwa.

Jumatatu asubuhi mlinzi alimsimamisha Waziri getini.

"Samahani, mzee. Hapa imeandikwa umetolewa."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Sahihi hii si yako?"

Waziri akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, akasoma karatasi mpaka mwisho.

"Ni yangu," akasema.

"Basi sogea kidogo, mzee wangu, watu wapite."