Malalamiko Kuhusu Mashine Inayomwamkia Mke wa Mwanangu

Mandewa, Singida

Ndugu Meneja wa Ushirika wa Alizeti na Asali,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Loyce, mjane wa Alute, aliyewaandikia programu za kompyuta miaka ishirini na sita, tukamzika Februari. Alikuwa wa maneno machache. Akirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, aliuliza, "Umekula?" Basi.

Siku moja tukipepeta alizeti alinieleza kwamba salamu za mashine aliziandika mara moja tu, kwa lugha ya zamani iitwayo Kobol, akaziweka kwenye maktaba ya pamoja. Programu ya mzani, ya asali na ya mikutano zote huazima hapo. Mashine hutazama mwaka wa kuzaliwa. Mkubwa hupewa shikamoo, mdogo hujambo. Ila mwaka aliuandika kwa tarakimu mbili, kubana nafasi. Aliyezaliwa 2002 mashine inamsoma 1902. Kwa hiyo nalalamika:

1. Sara, mke wa mwanangu, amezaliwa 2002. Stakabadhi yake ya mzani imeandikwa "Shikamoo Bibi Sara". Ameibandika sebuleni. Tangu siku hiyo haniamkii. Ananitazama tu, anasubiri.

2. Kwa kuwa maktaba ni ya pamoja, kosa limeenda kila mahali. Kwenye mkutano mkuu mashine ilipanga viti kwa umri. Mzee Mazengo, mwenye miaka themanini na moja, aliambiwa ampishe mkubwa wake.

3. Sasa Sara ni mwenyekiti wa baraza la wazee wa ushirika. Jumanne niliitwa mbele ya baraza kujieleza kwa nini simwamkii. Nilimwamkia. Aliitika marahaba vizuri sana, siwezi kusema uongo.

4. Jina la marehemu linachekwa sokoni.

Naomba mtaalamu wenu mpya, Edward, aifute maktaba yote ya Alute aandike nyingine. Marehemu hatachukia, hata shati alikubali nimchagulie.

Wasalimie wote ofisini, na mlinzi, na dada wa mzani, kila mmoja kwa umri wake halisi.

Ni mimi, mwanachama wenu,
Loyce Alute

Tanbihi: Nilipoileta barua hii nilipitia mzani na gunia moja. Zamani stakabadhi zangu nilimpa Alute bila kuzisoma. Leo nimesoma. Wengine wameandikiwa shikamoo au hujambo. Yangu imeandikwa: "Umekula, Mama Eliana?" Edward anasema imo humohumo kwenye maktaba, kwa namba yangu ya uanachama tu, tangu mwaka mwanangu Eliana alipozaliwa, na akiifuta itaondoka na mengine.

Basi msiguse kitu. Sara nitamwamkia kila asubuhi, nimeshazoea. Mzee Mazengo nitampelekea kigoda changu.

Na kama mashine inapokea majibu, iandikieni: bado, lakini naenda kula sasa hivi.