Nukta Mbili Kwenye Mlango wa Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Leo kampuni kubwa ya soli imetuma mtu kunitafuta mimi binafsi. Haya, si kweli. Imetuma binti azungukie mafundi viatu wote wa mtaa, na mimi nilikuwa wa tisa. Ana kitu kama simu iliyovimba. Kila fundi anatiwa nukta nyekundu kwenye ramani, eti kampuni ijue pa kupeleka mzigo na wateja wajue pa kwenda. Eti. Nina miaka sabini na moja. Anayetaka kujua unapoketi hakuletei salamu. Akauliza, babu, kibanda chako ndiyo hiki? Nikamwambia hapa nimefuata kivuli tu, kazini ni kule ng'ambo, mlango wa bluu. Mlango wa bluu ni wa Kipara, fundi mwenzangu na hasimu wangu. Balaa likija, likamkute yeye.

Jumatano, 5 Machi
Wateja watatu wamenipita, macho kwenye simu. Wote mlango wa bluu. Mmoja kiatu kimeachama kabisa. Nikamwita, fundi ni mimi. Akaitazama simu, akanitazama, akaiamini simu. Mke wangu anasema ningesema kweli tu. Amejuaje? Daftari hili nililiweka chini ya godoro limelala kifudifudi. Nimelikuta chali.

Ijumaa, 7 Machi
Gari la kampuni limeshusha cherehani ya viatu kwa Kipara. Ya kuazimwa, mwaka mzima, bure. Dereva kaeleza: wakubwa wameona kwenye ramani kwamba mlango wa bluu una nukta mbili, basi mashine ikae penye mafundi wengi. Nukta ya pili ni mimi! Nikavuka barabara kudai zamu yangu. Kipara akasema kwa upole, "Kumbe unafanya kazi hapa, mzee mwenzangu? Karibu, umechelewa." Akanipa ufagio.

Jumapili, 9 Machi
Kosa langu nimeliona. Nilidanganya karibu mno. Kesho binti anarudi kusahihisha ramani, anaanzia upande wa hospitali, na safari hii nukta yangu itakuwa geti la hospitali, penye miguu mingi. Ila mimi hataniamini. Anataka mtu mwenye uso wa ukweli.

Mke wangu, najua unasoma. Kandambili zako nilizitia kanda mpya, na hata ahsante sijaipata. Sasa nilipe: kesho saa nne simama pale getini. Binti akifika, mwambie fundi katoka kidogo, anarudi sasa hivi.