Kifungo cha Koti Langu Katika Uzi wa Shanga

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Daftari, niwie radhi. Sijakufungua tangu Februari. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na la kuandika. Mtu aliyezoea darasa zima kusimama anapoingia, sasa husimamiwa na kuku tu, nao hukimbia.

Leo lipo la kuandika. Sekondari inatafuta mwalimu wa muda wa biolojia. Mkuu wa shule, Mwalimu Eufrasia, amenitaka nifundishe kipindi kimoja Jumamosi mbele ya bodi. Nkwabi, mkuu wa idara, amesema wanafunzi wa siku hizi wanahitaji mambo mapya. Nkwabi! Nilimfundisha mimi! Alipata hamsini na moja!

Jumanne, 2 Septemba

Jambo jipya limepatikana. Mama Fahim, mwenye duka hapa Kalangalala, amenipa barua ya mwanawe. Fahim nilimfundisha pia. Sasa yumo katika maabara Marekani. Aeleza kwamba seli hujenga protini kwa asidi amino ishirini, zikipangwa kama shanga uzini. Jeni hutoa maagizo ya herufi tatu tatu. Kila agizo lina mbebaji wake, aletaye shanga yake. Agizo UAG halina mbebaji. Maana yake ni mwisho: uzi ukatwe.

Sasa wataalamu wametengeneza mbebaji anayeitikia UAG. Wamembebesha asidi amino isiyo ya asili, wakamdunga ndani ya yai la chura lililo hai. Yai limeipokea! Uzi umeendelea!

Nami niliwekewa alama ya mwisho siku nilipostaafu. Kumbe yaweza kusomwa vingine, akipatikana wa kuitikia.

Ukurasa wa kwanza una makosa kumi na moja ya lugha. Nimeyasahihisha kwa wino mwekundu. Wa pili utasubiri.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango umekamilika. Wasichana ishirini, kila mmoja na kopo la shanga za rangi yake: hao ndio wapakiaji, wanaowapa wabebaji mizigo yao. Wavulana watakuwa wabebaji. Scolastika, mpishi wa shule, atashika mkasi. Likija agizo la mwisho na asitokee mtu, akate. Mbebaji wangu wa UAG ni Eustace, mpangaji wangu, mchimbaji ambaye shimo lake limejaa maji. Atabeba vifungo vya koti langu la kufundishia. Nimevikata vyote vitano. Nkwabi atakoma!

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. UAG ya kwanza: Scolastika akainua mkasi, Eustace akamwahi, kifungo kikaingia uzini. Bodi ikapiga makofi. Mjumbe mmoja alisimama! Kisha Eustace akarudi kuchukua kifungo cha pili, akapita mbele ya makopo mikono mitupu.

Hapo Eunice, msichana wa kopo la bluu, akamwonea huruma. Alimwambia kwao Songwa mgeni haondoki hivi hivi. Akampa shanga. Eustace akapokea kwa mikono miwili, maana kukataa ni kumtukana mwenyeji. Wenzake wakaona Eunice asiwashinde kwa ukarimu. Kila alipopita wakampa. UAG ya pili, shanga ya bluu. Ya tatu, nyekundu. Vifungo vinne vikabaki mezani.

Nkwabi alicheka hadi akashika ukuta.

“Shikamoo, mwalimu! Mgeni wako keshakuwa mwenyeji. Bado kulipa kodi ya kichwa tu!”

Sikuitika marahaba.

Jumapili, 7 Septemba

Nimefungua ukurasa wa pili. Fahim aonya: mbebaji akishashusha mzigo, vimeng'enya vya seli, yaani wapakiaji wake, huweza kumpakia asidi amino ya kawaida, na kazi yote ikaharibika. Ndiyo maana wanatafuta mbebaji asiyetambuliwa na mpakiaji yeyote wa nyumba ile, awe na mpakiaji wake mwenyewe. Mpakiaji kama huyo, wa kubebesha asidi isiyo ya asili ndani ya seli hai, bado hawajampata.

Basi Eunice hakukosea. Alifanya hasa ifanyavyo seli. Nimeenda kumwambia hivyo baada ya misa. Alisimama nilipofika. Nilisahau nusu ya maneno yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mwalimu Eufrasia amekuja. Asema bodi imegawanyika: wengine wanasema nimezeeka, wengine wanasema hawajawahi kuelewa protini namna ile. Amenishauri nikae na Nkwabi, tupitie barua ya Fahim yote pamoja, kwa unyenyekevu.

Nimekubali mara moja. Nimegundua kosa langu halikuwa haraka wala majivuno. Kosa lilikuwa Eustace: anapendwa. Anatakiwa mbebaji ambaye hakuna msichana atakayempa hata ushanga mmoja. Nkwabi! Somo la marudio atabeba vifungo yeye. Bado hajui.

Barua ina ukurasa wa tatu. Nimeuona. Kwanza nimalize kusahihisha wa pili. Makosa saba hadi sasa.

Bodi inakaa Ijumaa. Ikiamua, nitaandika. Koti naliacha wazi hadi hapo.