Dadu ya Macho

Jumapili, 16 Mei 2021. Katindo.

Nimeaibishwa tena! Jana Kakule aliutegua mtego wangu wa tano. Mchezo huu wa hadithi niliutunga mimi, Novemba 2012, waasi walipoingia mjini na sisi majirani tukajifungia sebuleni kwangu. Mimi ndiye Msimulizi. Wao wanatembea ndani ya hadithi, mimi nawafichia majambazi. Sheria ni rahisi: nikisema tupa dadu ya Macho, anayepata nne kwenda juu anaona kilichofichwa. Lakini Kakule, muuza maharage, amegundua kwamba nisipoficha kitu siombi dadu. Kwa hiyo nikiomba tu, hata akipata moja, anachomoa upanga. Généreuse na Muzee Habarurema wanamfuata. Sasa Généreuse anataka mwezi ujao tupige kura, labda Kakule asimulie. Kiti changu! Karibu miaka tisa!

Alhamisi, 20 Mei.

Nimepata dawa. Kuanzia sasa dadu ya Macho itatupwa kwa kila kitu. Kufungua mlango, dadu. Kunywa chai ndani ya hadithi, dadu. Hawatajua tena hatari iko wapi. Na atakayeshindwa haoni, wala haruhusiwi kubisha. Nimeiandika kwa wino mwekundu. Akili nyingi sana hii, najiogopa mwenyewe.

Jumapili, 23 Mei.

Sijui nianzie wapi. Jana jioni sheria ilienda vizuri kabisa. Walitupa dadu mara arobaini, Muzee akalalamikia kiwiko. Kwenye saa moja, Généreuse, aliyekaa akitazama dirisha, akasema mbingu imekuwa nyekundu. Nikadhani anasema ndani ya hadithi. Nikafurahi. Nikamwambia atupe. Akatupa, mazoea tu. Moja. Nikatangaza kwamba haoni kitu. Muzee akasema hata yeye anaona wekundu. Akatupa. Mbili. Naye haoni. Mimi nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo, naandika matokeo. Kakule hakugusa dadu. Alisimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu.

"Niyibizi, ndugu yangu, ile ni Nyiragongo. Volcan imetoka."

Tukakimbia, barabara ya Sake, na mji mzima. Kakule alimbeba mama yangu mgongoni. Mimi nilibeba daftari la sheria. Lava ilisimama kabla ya uwanja wa ndege, asubuhi tukarudi. Mama hanisemeshi.

Jumapili, 30 Mei. Sake.

Ardhi haiachi kutetemeka. Alhamisi tuliamriwa kuondoka, tukarudi huku. Tunalala darasani, familia kumi na moja, maji shida. Kila ikitetemeka watoto wanalia. Leo Kakule ameanza kuwachezesha hadithi YANGU. Bila dadu! Anamuuliza kila mmoja anatazama wapi, basi. Ukitazama nyuma ya mlango, unaona kilicho nyuma ya mlango. Mchezo gani huo? Watoto wamenyamaza, wanatazama kila kona. Hata mama amecheza. Amemkamata jambazi wangu bora chini ya kitanda, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi kumwona hivyo. Halafu nikaenda nyuma ya darasa nikalia kidogo. Kiti kimeondoka. Bila kile kiti mimi ni fundi wa redio tu, na redio zenyewe watu hawaleti tena.

Jumapili, 13 Juni. Katindo.

Tumerudi. Nyumba ipo, ukuta una ufa. Leo wamepiga kura mezani kwangu. Karatasi tatu. Nimezifungua nikitetemeka kuliko ardhi ya Sake. Zote tatu jina langu! Nimemuuliza Kakule imekuwaje.

"Kule nilikuwa natuliza batoto tu," akasema. "Hii hadithi ni ya kwako. Lakini ile dé ya Macho, ndugu yangu, uiache."

Nimemkumbatia mbele ya wote. Rafiki wa namna hii sistahili, nimemwambia hivyo hivyo. Nimechana ukurasa wa Macho, wakapiga makofi, Généreuse akaupeleka jikoni kuwashia makaa. Ahadi ni ahadi. Macho hayana dadu tena, milele.

Masikio hatukuyazungumzia. Nimekaa tangu waondoke, ukurasa mpya umejaa. Kuanzia Jumamosi, anayetaka kusikia ninachosimulia atatupa dadu kwanza. Kakule nitampa heshima ya kuanza.