Kikundi cha Mwaka 1955

Jumatatu, 7 Oktoba 2013
Naahidi kuandika yote humu, hata ya aibu. Mimi Asnath, kidato cha tatu, Kasulu, nimeanzisha kikundi cha ngoma. Tuko wanne. Tuna ngoma moja na ndoo mbili. Jumamosi ni mahafali ya kidato cha nne. Mgeni rasmi ni Afisa Utamaduni, na atachagua kikundi kimoja kikacheze Kigoma mjini. Lazima kiwe chetu! Odilia wa kwaya kaniuliza tutavaa nini, magunia?

Jumanne, 8 Oktoba
Ratiba anapanga Mwalimu Stanislaus. Nimemweleza kwamba vikundi vya zamani vinastahili heshima, na chetu ni cha mwaka 1955. Akasema yeye hufundisha historia, hivyo nimletee chanzo. Haki yake.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimetembea hadi Heru Juu kwa Bibi Theodosia, mama yake baba. Nimemkuta anamenya mihogo. Nikamwuliza kama aliwahi kucheza ngoma. Akasema mara moja tu, harusini kwa dada yake. Alimkanyaga bwana harusi, akaambiwa akae chini.
Nimeandika: “Bi. Theodosia, mchezaji mwanzilishi, 1955.” Kucheza alicheza!

Ijumaa, 11 Oktoba
Mwalimu amefurahi mno. Kikundi chenye umri huo, kasema, kitapewa nafasi ya heshima. Maskini Odilia. Nimemsalimia kwa upole.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kwaya ya Odilia imeitwa kwanza. Nikadhani mshereheshaji kakosea. Zikafuata ngonjera, sarakasi, hotuba, vyeti. Nikamkimbilia Mwalimu. Akashangaa: “Asnath, binti yangu, mkubwa hutangulizwa? Mkubwa hufunga shughuli!”
Afisa akaichagua kwaya, akala pilau, akaondoka kuelekea Buhigwe. Ndipo tukaitwa. Viti vilikuwa vinapakiwa kwenye gari. Waliobaki kututazama ni wapishi, Mwalimu, na Bibi! Mwalimu alikuwa amemtumia bodaboda, aje kama mwanzilishi.
Bibi alipiga makofi hadi mwisho. Kisha akamgeukia Mwalimu, kwa sauti ya shambani: “Watoto wazuri. Wameanza lini hawa? Wanacheza kama wameanza leo asubuhi.”
Mwalimu akanitazama. Mimi nikaitazama ndoo.

Jumapili, 13 Oktoba
Adhabu: kurasa mbili juu ya umuhimu wa ukweli katika historia. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu, kwa moyo wote. Nimelia kidogo. Nusu iliyobaki ilikuwa tupu, na karatasi haitupwi ovyo, nikaandika barua:
“Ndugu Afisa Utamaduni, shikamoo. Kikundi chetu kimeanzishwa leo baada ya ibada. Wilaya nzima hakuna kikundi kichanga kuliko hicho, na chanzo ni mimi mwenyewe. Kwa kuwa mkubwa hufunga, je, huko Kigoma mdogo wa kufungua mmeshampata? Tafadhali nijibu kwa basi la kesho.”