Mstari Ulioporomoka Mwezi Machi

Jumatatu, 2 Machi. Samarkand.
Mkuu wa chuo chetu cha ualimu, Profesa Qodirov, anafungua kituo cha utafiti wa fikra za kikompyuta, yaani kumfunza mtoto avunje tatizo vipande vipande, alitatue hatua kwa hatua. Anatafuta mkurugenzi. Ni mimi au Nodira. Nodira amekaa madarasani na watoto miaka nenda rudi. Mimi nina akili zaidi: nitachora mwelekeo wa utafiti huo duniani kote! Sisomi makala hata moja. Nazihesabu tu, mwaka kwa mwaka. Kazi ya kompyuta, sifa zangu.

Jumatano, 4 Machi.
Mchoro umetoka. Mstari unapanda, unapanda, miaka kumi na mitano mfululizo. Mwaka huu, puu! Umeanguka hadi chini. Kisha nikang'amua: fani inakufa na hakuna anayejua! Aliyegundua ugonjwa ndiye apewe uganga. Nodira kachungulia mezani kwangu, akauliza takwimu nimezichukua lini. Juzi, nikamjibu. Akacheka kidogo, akanitakia kila la heri. Wivu huo.

Ijumaa, 6 Machi.
Nimewasilisha mbele ya idara nzima. Mstari mwekundu, sauti ya msiba. Mkuu alishika kichwa. Akanishukuru kwa kumwokoa asiaibike wizarani, na hapo hapo akakifuta kituo. Akakifuta! Kituo changu! Nikamfuata ofisini kumweleza kwamba mgonjwa bado anapumua, anahitaji tu mganga. Akanitilia chai, akajaza piyala, kibakuli chetu cha chai, pomoni. Ajabu. Kwetu mgeni wa heshima hutiliwa kidogo kidogo, arudie. Ikijaa, maana yake kwaheri. Mzee amechoka, amesahau.

Jumanne, 10 Machi.
Nodira kaniumbua. Kasimama kikaoni akaniuliza mwaka una miezi mingapi. Kumi na miwili, swali gani hilo! Imeshapita mingapi? Miwili na siku kadhaa. Akasema basi, kaka Ergash, makala za mwaka huu hata hazijaandikwa, waache watu waandike kwanza ndipo uwazike. Walicheka wote, na mfagizi mlangoni. Kituo kimerudi. Mkurugenzi ni Nodira. Mimi nitapanga viti siku ya ufunguzi. Imeniuma, sikatai.

Alhamisi, 12 Machi.
Nimepima mada nyingine. Pamba. Kisukari. Matetemeko ya ardhi. Ufugaji wa kondoo. Zote zimeporomoka mwaka huu. Zote! Ingekuwa moja, Nodira angekuwa na hoja. Kumbe sayansi nzima inakufa, na ni mimi peke yangu niliyeona! Nimekimbia na michoro kwa mkuu. Katilia chai hata sijakaa. Piyala imejaa hadi ikamwagikia mezani. Safari hii nimeelewa: mtu hamwagi chai yake hivyo kwa ajili ya mtu wa kawaida.