Kuliwaza Presha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Ilianza kabla sijakaa vizuri kitini.

Bwana Sumaku alikuja dirishani. Ndiye muuza bangili za sumaku za kuondoa maumivu, na kibanda chake kinatazamana na kibanda cha mafusho cha shangazi yangu. Alisema amekuja kushtaki. Kuna mwanamke jirani yake anayewafunika watu turubai juu ya sufuria ya majani yanayochemka, kisha anawaambia wamepona presha. Hana kibali. Serikali imelala?

Serikali, kwa maana ya mimi, ilikuwa macho kabisa na ilikuwa inatokwa jasho. Kazi ya ofisi yetu ndiyo hiyo: kuwasajili watu wa tiba mbadala, na kuwafungia wanaodai kuponya wasichoweza kuthibitisha. Mimi ni karani mpya. Sijamwambia mtu hapa kwamba nimelelewa na mafusho. Karo, sare, hata tai niliyovaa siku ya usaili, vyote vilitoka chini ya lile turubai.

Nikamwambia kwa upole kwamba malalamiko hupokelewa dirisha la pili. Akaenda dirisha la pili. Nikalazimika kuhamia huko, maana dirisha la pili nalo ni langu. Akaniuliza kama nina pacha.

Nikajaribu kumweleza kwamba bila jina kamili la mshtakiwa hatuwezi kuendelea. Akapandisha sauti. Mkuu wa ukaguzi akatoka chumbani kwake, kikombe mkononi, akasikiliza yote, akasema tutakwenda Alhamisi. Akauliza nani atafuatana naye. Wote wakainamia kazi zao. Mimi nilichelewa kuinama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Baada ya kazi nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikamweleza shangazi kila kitu. Hakuacha kupepea jiko. Aliuliza kama huyo Mkuu ni mnene au mwembamba, kwa sababu wembamba hawavumilii joto.

Nimekuja na mpango. Mkuu huwauliza wote swali moja: unatibu nini? Anayetaja magonjwa hufungiwa papo hapo. Anayesema anawapumzisha tu watu hupewa muda wa kujisajili, kama mwenye bafu la mvuke. Kwa hiyo yote yamo katika neno moja. Shangazi hatibu. Shangazi analiwaza.

Akasema kuliwaza ni kwa wafiwa, na wateja wake hutoka wakiwa hai. Nikamsihi ajaribu tu. "Naliwaza," akasema, kama mtoto anayelazimishwa kuomba radhi. Nikamwambia arudie. Arudie tena. Mwishoni alilitamka vizuri ila kwa dharau.

Kisha nikashughulikia kibao cha nje. Kilisomeka: MAFUSHO. PRESHA, SUKARI, INI, MAFIGO, MKOSI. Nilifuta magonjwa kwa rangi nyeupe, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Rangi iliisha nilipofika kwenye mkosi. Sasa kibao kinasema MAFUSHO. MKOSI. Wateja wawili wamesoma wakageuza.

Jioni alikuja Mwalimu. Ni jirani yetu, amestaafu, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Huja kujifukiza kila siku. Wakati anavua viatu aliniambia, kama anayesimulia habari ya paka, kwamba tangu mwaka mpya ameacha vidonge vyake vya presha. Shangazi amemwambia mafusho yanafungua mishipa. Tena vile vidonge vilimkimbiza chooni katikati ya sentensi, jambo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulivumilia.

Nimesoma. Najua presha isiyotibiwa inamfanya nini mzee wa umri ule. Nilipaswa kumwambia hapo hapo, shangazi akisikia.

Nilisema naona mvua itanyesha. Haikunyesha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi nilipata njia: Mwalimu arudie vidonge bila mimi kumwambia, na bila shangazi kujua kwamba nampinga. Niliandika tangazo lisilo na jina na kulibandika mlangoni pa kibanda kabla shangazi hajafungua. "Ni marufuku kujifukiza kabla ya kumeza dawa za hospitali."

Mambo hayakwenda nilivyopanga. Shangazi aliamini ni kazi ya Bwana Sumaku. Akavuka barabara akiwa na mwiko, akamwambia mbele ya wapita njia kwamba sumaku zake hazivuti hata sindano. Bwana Sumaku akajibu kwamba afadhali yeye, hajawahi kuchemsha watu kama viazi. Shangazi akasema kuna watu hata wakichemshwa hawaivi. Muuza magazeti alilazimika kuingia kati, na alichukua muda wake, maana naye alikuwa anafurahia.

Mwalimu alipofika, alilisoma tangazo kwa makini. Akatoa kalamu, akasahihisha. Alisema sentensi imebebeshwa mzigo mkubwa, na kwamba aliyeiandika anaonekana ni mtu mwenye hofu. Akaipa sita kwa kumi. Kisha akaingia chini ya turubai bila kumeza chochote.

Nilibaki kula kwa shangazi, nikiwa nimeazimia kusema. Alinipakulia mimi kwanza, tena nyingi, akaniuliza kwa nini nimekonda hivi, baba, hiyo serikali haiwapi chakula? Nani angesema wakati huo? Sahani ilikuwa mkononi mwake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Tulipokaribia kibandani nilimwomba Mkuu anipe nafasi nitangulie kuhakikisha mahali. Nikakimbia. Ndani nikamkuta Mwalimu amekaa kwenye kigoda, shuka kiunoni, sufuria inatokota mbele yake. Leo alikuwa amewahi kwa sababu jioni ana kikao cha wastaafu. Mgonjwa, ndani ya kibanda, na viatu vya Mkuu navisikia kwenye kokoto! Hakuna neno ambalo lingetuokoa hapo.

Nikamwomba abaki chini ya turubai, asitoe sauti mpaka tuondoke. Akauliza kama ni jambo la serikali. Nikasema ndiyo. Akasema hajawahi kuikwamisha serikali, akajifunika.

Mkuu akaingia. Akauliza swali lake: unatibu nini? Shangazi akanitupia jicho, akavuta pumzi, akasema yeye hatibu. Analiwaza.

Mkuu akaacha kuandika. Akauliza analiwaza nini.

"Presha," shangazi akasema. "Sukari. Ini nalo naliliwaza. Mafigo huliwazika, ila polepole."

Mkuu akauliza vipi kuhusu mkosi, maana ameuona kwenye kibao. Shangazi akasema mkosi hauliwazi. Mkosi anautibu kabisa.

Nilidhani Mkuu atafunga kibanda pale pale na kuondoka. Nilitamani afunge. Badala yake akaketi. Alitaka kujua ni majani gani, mtu hukaa humo muda gani, na kama amewahi kuzirai mtu. Shangazi anapenda kuulizwa. Akaeleza. Akaeleza zaidi. Mkuu akasema mgongo wake unamsumbua kwa sababu ya viti vya ofisini, akaongeza kwamba hiyo haimo kwenye ukaguzi. Wakazungumza habari za mgongo.

Mimi nilikuwa nalitazama turubai. Mwanzoni lilikohoa, nami nikakohoa juu yake. Baadaye kidogo likasogea upande. Kisha likatulia. Nikajiambia Mwalimu ni mtu wa nidhamu. Nikajiambia ngoja wamalize mgongo. Nikatazama ule utulivu, nikakumbuka mkono wake juu ya mkono wangu, tukichora herufi ya kwanza.

Nikasema kuna mtu humo. Sauti ilitoka ndogo sana, Mkuu akaendelea na mgongo. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na nikalivuta turubai.

Mwalimu alikuwa ameinama mpaka magotini na haitiki. Shangazi alimfikia kabla yangu. Alimnyanyua mikononi kama mtoto, akatoka naye barabarani, shuka likiburuta. Bwana Sumaku ndiye aliyesimamisha teksi. Njia nzima nilisema: presha, ameacha vidonge tangu mwaka mpya, mimi ndiye niliyemwambia akae humo. Nilimwambia Mkuu, nikamwambia dereva, nikamwambia muuguzi, nikamwambia mtu mwingine koridoni ambaye baadaye nilifahamu ni mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwalimu ameamka. Ameuliza nani ameongoza kikao cha wastaafu.

Daktari anasema ni presha na joto kwa pamoja. Angekaa kidogo zaidi humo ndani, tungekuwa tunazungumza mengine. Shangazi aliinuka kutoka kwenye benchi aliposikia hivyo, kisha akakaa tena. Hakungoja kuulizwa. Alisema yeye ndiye aliyemwambia Mwalimu aache vidonge. Alisema watu wote hutoka kwake wakijisikia wepesi, naye miaka yote alidhani wepesi ndio kupona. Sijawahi kumwona akiongea huku anatazama chini.

Mkuu amefunga kibanda. Shangazi akitaka kurudi, ajisajili kama mwenye bafu, afukize wazima tu, na mwenye dawa za hospitali amrudishe hospitali. Shangazi alikubali bila kubisha. Hilo liliniogopesha kuliko kama angebisha.

Baadaye aliniuliza kwa nini sikumwambia tu hatari ya Mwalimu kuacha vidonge. Nilisema niliogopa atakasirika.

"Ningekasirika, baba," akasema. "Mpaka jioni."

Mkuu naye aliniita pembeni. Alisema tangu Alhamisi asubuhi alijua huyu ni shangazi yangu, tuna pua moja. Alisema ofisi inaweza kumvumilia mwoga, tayari inao kadhaa, lakini haiwezi kumvumilia mwoga mwenye mipango. Nikijua jambo la mgonjwa, nifungue mdomo niseme. Kwa mtu anayehusika. Siku hiyo hiyo. Hajanifukuza. Nimeapa moyoni, na hapa naapa kwa wino: sitapanga tena. Nitasema.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilikwenda kumwona Mwalimu. Ana rangi nzuri, anasahihisha tahajia za mabango ya wodini. Shangazi alikuwa ametangulia, akakunja shuka zake, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Tulipobaki wawili, Mwalimu alinivuta karibu. Alisema vidonge ni vile vile, na choo kiko mwisho wa korido, na muuguzi msichana, aliyekuwa mwanafunzi wake, humshika mkono kwenda na kurudi. Kwa hiyo huviweka chini ya ulimi, na muuguzi akigeuka huvitema. Akanionyesha vilivyojikusanya ndani ya soksi. Akaniomba iwe siri, mwanangu, siri ya wanaume wawili wasomi.

Wakati huo huo muuguzi akaja. Alisema presha haishuki walivyotarajia. Akaniuliza mimi, akinitazama machoni, kama mzee anameza dawa zake vizuri, au kuna jambo ningependa kumweleza.

Nilisema mzee ana nidhamu sana.

Lakini sijakaa bure. Njiani kurudi nimepata njia nzuri, isiyomwaibisha Mwalimu wala kumsumbua muuguzi. Kesho nitamwambia Mwalimu kwamba mimi pia nimepimwa, nina presha, na naogopa kumeza peke yangu. Mwalimu hawezi kumwacha mwanafunzi. Tutameza pamoja, yeye chake, mimi changu. Nimeshanunua pipi ndogo nyeupe, duara, zinafanana na vidonge vyake kabisa, hata muuzaji amekubali hivyo. Kilichobaki ni kuangalia tusibadilishane.